Kitovu cha Mfuniko

Shangazi Sikuzani alisuka mikeka na mifuniko ya chungu kwa ukindu, hapa Rumonge. Mkeka haukumsumbua: majani yanakwenda sambamba mpaka ukingoni. Mfuniko ni mviringo. Majani yanapanda, yanabanana, na lazima mahali fulani yapoteze njia. Ukilisukuma kosa huku, linatokea kule. Mwisho linatulia kileleni, pale panapopinda zaidi. Shangazi alipaita kitovu.

Mume wake, mwalimu Sylvestre, alipenda kumchokoza.

"Mama Bora, mfuniko wako iko na kidonda."

"Iko na kitovu, kama wewe. Nionyeshe tumbo bila kitovu, nitakusukia."

Mwaka wa 1972, mwezi wa tano, askari walimchukua shuleni na wenzake, wakawafungia kwenye ghala nyuma ya soko. Shangazi aliruhusiwa kuacha chakula mlangoni, basi. Jioni ya kwanza chungu kilirudi kitupu, na katika kitovu cha mfuniko kulikuwa kumechomekwa kijiti. Shangazi akacheka mpaka akalia.

"Hata humo ananichokoza!"

Tangu hapo, kila jioni alitazama kijiti kwanza. Kikiwepo, tulilala.

Kisha mfuniko ukarudi bila kijiti. Chungu kimelambwa safi.

"Amekula vizuri, mama," askari akasema. "Kesho weka samaki."

Samaki walimvimbisha Sylvestre mdomo tangu utoto. Hakuwa akionja hata mchuzi wake. Shangazi alimshukuru kwa Kirundi, "Murakoze," akachukua chungu, akaenda sokoni kununua mukeke, samaki wa ziwani.

Alipika samaki siku nyingi. Mdogo wake Kadidja akashindwa kuvumilia.

"Yaya, dada yangu, unalisha nani sasa?"

"Nyamaza."

"Kijiti kiko wapi?"

"Nikiacha kupeleka, Kadidja, ni mimi nimemzika."

Asubuhi moja alikaa jikoni na mfuniko mapajani. Alichomeka kijiti mwenyewe, akakitazama, akakichomoa. Akabeba chungu cha mukeke bila mfuniko, nzi wakimfuata, mpaka mlangoni pa ghala. Askari akapokea. Hakuuliza mfuniko uko wapi.

Shangazi hakungoja chungu kirudi. Alifika nyumbani, akazima moto, akalala chini akitazama ukuta.

Siku hizi anasuka mikeka tu. Wanawake wa soko wanambembeleza awasukie mfuniko, hata wa harusi. Anawaambia vidole vimezeeka. Ule wa zamani unaning'inia juu ya mafiga, na mimi nikifagia, sithubutu kupitisha ufagio karibu nao.