Mgomba Tuliokataa Kuuzika

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya nyumba yangu hapa mtaa wa Tena kupokea jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki kwa sala, na viti havikutosha. Mwanangu Kizito alishuka orofa ya chini kuazima kwa jirani yetu Mzee Athumani, muuza vitambaa mwenye asili ya Mombasa. Athumani alipanda naye akiwa amebeba viti viwili.

"Baba Kizito, kila mkisali viti ni vyangu," alisema. "Mkimwomba Mungu mmevikalia, basi na mimi nina fungu langu humo."

"Fungu lako ni chai," mke wangu Konsolata akamjibu. "Kaa unywe."

Akakaa, akanywa. Jumuiya ikasali, ikala viazi vitamu, ikatawanyika. Nayaandika haya kwa kuwa niliyaona mwenyewe. Nilikuwa karani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimewasikia watu wengi wakiapa juu ya mambo waliyosimuliwa tu.

Matokeo ya kura yalitangazwa siku chache baadaye. Kabla jua halijatua, barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Vijana wa upande mmoja walishika mapanga, wa upande wa pili wakashika mapanga pia, kisha polisi wakaja kwa malori na bunduki. Tuliishi sakafuni, mbali na madirisha. Risasi moja ilipenya dirisha la jikoni ikakwama katika kabati la vyombo. Konsolata alifagia vioo, akarudi kwenye rozari yake pale alipokuwa ameikatiza.

Kisha binti yetu Betty akapiga simu kutoka mtaa wa Tassia. Mumewe alikuwa safarini, naye alikuwa peke yake na mtoto mchanga.

"Baba, wanabisha mlango kwa mlango. Wanawauliza watu majina ya baba zao, wajue kabila."

Kizito alianza kufunga kamba za viatu.

"Subiri kutulie," nikamwambia.

"Nisubiri nini, Baba?"

Konsolata alimchora alama ya msalaba kwenye paji la uso. Ilikuwa mchana kweupe, na kelele zilikuwa zimepungua.

Alitoka, nami nikamtazama kupitia ufa wa pazia. Alivaa sweta ya kijani.

Alivuka barabara.

Akakata kona.

Milio ya bunduki ikaanza.

Sikuona zaidi ya hapo, na tangu siku hiyo sijampata mtu aliyeona zaidi.

Kesho yake Betty aliletwa kwetu na majirani zake, yeye na mtoto, wote wazima. Aliingia akitazama huku na huku. "Kizito yuko wapi?" akauliza. Hakuwa amefika kwake.

Mapigano yalipotulia, habari zilikuja kwa wingi kuliko wali wa msibani. Kijana mmoja wa mtaani alinisimamisha langoni.

"Mzae, nilimcheki Kizito kwa lori ya makarao. Walimbeba."

"Lori la polisi? Ulimwona uso?"

"Uso, zii. Mgongo."

"Alivaa nini?"

"Jaketi. Nyeusi hivi."

Nikamshukuru, nikamwacha aende. Wapo walioapa kwamba alivuka mpaka. Mwanamke mmoja anayejiita nabii alimwona katika maono, amelala katika nyumba ya wageni Eastleigh, amepoteza kumbukumbu. Sikumwamini. Hata hivyo nilikwenda, kwa maana kutoamini si sababu ya kutokagua. Nilipita nyumba za wageni moja baada ya nyingine nikiwa na picha yake mkononi. Wenye nyumba walinitazama kwa huruma na kunikaribisha maji.

Athumani alifuatana nami kwenye vituo vya polisi, hospitali na vyumba vya maiti. Katika vyumba vya maiti alitangulia kutazama yeye, kisha akanigeukia na kutikisa kichwa. Hakuna mtu aliyemtuma kufanya hivyo. Polisi waliandika maelezo yangu na kuniambia nisubiri. Nilirudi mara nyingi kiasi kwamba askari wa mapokezi alianza kuniita mzee wetu.

Sitasema kwamba kungoja kulinitakasa. Nilisali kwa kuwa mikono yangu haikuwa na kazi nyingine. Sikupata ndoto wala sauti, na asubuhi nyingine midomo ilisema maneno ambayo moyo haukuyasikia. Saburi niliyoijua ilikuwa hii: kuamka, kumsalimu mke wangu, na kutomwambia jambo nisilolijua. Konsolata alikuwa na imani iliyopita yangu. Lakini nilimwona akisimama kila hatua za viatu ziliposikika kwenye ngazi, na akikaa tena zilipopita mlango wetu.

Mwaka wa pili ndugu yangu Wafula alikuja kutoka nyumbani Bungoma, ametumwa na ukoo. Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likazikwa mahali pake, ili walio hai wapumzike.

"Kaka, mtoto ameenda," Wafula alisema. "Turuhusu tumlaze."

"Nani alimwona amekufa?"

"Kaka, hapa si kortini."

"Ndiyo, si kortini. Kortini wangeniuliza swali hilo hilo."

Akamgeukia Konsolata. "Shemeji, mwambie. Wewe ndiye unayekonda."

Konsolata alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Nikizika mgomba, Wafula, jioni nitakapopiga magoti nitasemaje? Nimwambie Mungu amrudishe, au ampumzishe? Nikishasema ampumzishe, sitaweza kumwomba amrudishe tena."

Wafula alikula, akalala, asubuhi akaondoka bila kulitaja tena jambo lile. Najua alitutakia mema. Ukoo ulikuwa umetuwekea mlango wa kutokea, nasi tukakataa kupita.

Miaka ikaenda. Konsolata aliugua mapafu, akafa kitandani mwake, Betty na mimi tukiwa tumemshika mikono. Hakuniachia wosia kuhusu Kizito. Tulimpeleka Bungoma, na Wafula, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, akanivuta kando.

"Wachimbaji wapo. Wachimbe makaburi mawili?"

Nilikuwa nimechoka, na sikuwa na ushahidi.

"Moja," nikasema.

Nimewapoteza wawili. Wa kwanza sijui nimempotezaje. Wa pili najua saa, najua ugonjwa, najua kaburi, na nimegundua kwamba kujua ni rehema, ingawa hakumrudishi mtu. Kila nikimlilia Konsolata, machozi yana mahali pa kwenda. Ya Kizito hayana.

Mwezi uliopita jumuiya ilisali kwangu tena. Kiongozi wetu mpya ni mama kijana, mgeni mtaani. Alipofika kwenye maombi alinikaribia na kuninong'oneza.

"Mzee, samahani. Huyu Kizito, tumtaje na wagonjwa na wasafiri, ama na marehemu?"

"Sijui, mama."

Akainamisha kichwa, akalitaja jina peke yake, bila kulitangulizia wala kulifuatishia chochote, nasi tukaitikia.