Mba Hazikaangwi kwa Mawese

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikikuona umekaa na simu mkononi na kitunguu swaumu kichwani. Nakutazama nachoka. Juzi ilikuwa magadi, jana mafuta ya sijui nini kutoka sijui wapi, na leo nyumba nzima inanuka jiko la pilau. Weka hiyo simu chini unisikilize mimi bibi yako, maana kichwa changu kiliteswa kabla ya hicho chako.

Nilikuwa mchumba wa babu yako, harusi imekaribia, na kichwa kimejaa mba. Nikijikuna, mabega yanakuwa meupe kama nimetoka kusaga unga. Kwetu Ujiji mawifi ndio waliokuja kumsuka bibi harusi, na wifi haji kusuka tu, anakuja kukagua. Mama aliogopa watarudi kwao Buzebazeba na maneno kwamba binti ana ugonjwa, wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Nami nilimpenda babu yako, nakwambia bila haya. Kumkosa kwa sababu ya mba! Usingizi ulinikimbia.

Basi ukoo mzima ukageuka waganga. Jirani alikuja na ndimu, akanikamulia kwenye michubuko, nikapiga ukelele uliotoa watu majumbani. Mwingine akataja mafuta ya taa. Namshukuru Mungu mama alikataa. Lakini shangazi yangu Zena aliwashinda wote. Aliagiza mawese mapya kutoka Simbo, akayapasha moto, akanimiminia, kisha akanifunga kanga kichwa kizima na nywele bado zina maji ya ziwani.

"Mawese yanalainisha hata maharage," alisema, "yatashindwa na mba?"

Sisi watu wa Kigoma tuna maradhi hayo. Tukishaona mawese yanafaa kwenye migebuka, samaki wetu wa ziwani, tunadhani yanafaa kwa kila kitu. Kila asubuhi shangazi alimimina mengine juu ya kanga, yenyewe haifunguliwi. Ngozi ikavimba, harufu usiseme, na mba zikanenepa. Naulizwa unajisikiaje, najibu vizuri tu, kwa kumwogopa shangazi. Hata leo nikikumbuka nakereka.

Aliyeifungua kanga ile ni kungwi wangu, Bi Tausi, aliyekuja kunifunda. Harufu ilimpokea mlangoni. Akafungua, akaangalia, akamgeukia shangazi.

"Zena, huyu mtoto mnamwoza au mnamkaanga?"

"Tunamtibu, Bi Tausi. Mawifi wanakuja Ijumaa."

"Na waje! Mba zinakula mafuta, wewe ukazipikia. Halafu ukazifunika zisipigwe na baridi!"

Kisha akanitazama mimi, na hapo ndipo nilipolia. "Na wewe una mdomo, mwanangu. Kichwa kinakuuma, sema kinaniuma. Ukishindwa kusema hilo hapa kwenu, huko kwa mume utasema lipi?"

Dawa yake haikuwa na mbwembwe. Aliniosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, taratibu, bila kutumia kucha, mpaka mawese yakaisha. Alikuwa amechemsha majani ya mwarobaini. Akayaacha maji yapoe, akachuja, akanisuuza nimefumba macho. Ute wa mshubiri aliupaka kwanza mkononi, akangoja aone kama utanidhuru, ndipo akaupeleka kichwani. Halafu nikakaa uani kichwa wazi hadi nywele zikakauka kabisa. Mwisho akakataza nisisukwe.

Ijumaa mawifi wakafika na vitana vyao, mama mkwe mbele. Mama yangu akaanza kubabaika, anatafuta uongo wa kusema. Nikamtangulia.

"Shikamoo mama. Kichwa changu kina mba na kinauma. Leo sisukwi."

Mama akashika mdomo. Mawifi wakatazamana. Mama mkwe akakaa mkekani, akavua ushungi wake bila haraka. Upande mmoja wa kichwa chake haukuwa na unywele hata mmoja, ngozi tupu.

"Mimi nilisukwa juu ya vidonda," alisema, "nikaona aibu kusema. Nywele zilipong'oka hazikurudi tena. Kaa na kichwa chako wazi, mkwe wangu. Mwanangu anaoa mtu, haoi misuko."

Nikaolewa bila msuko hata mmoja, na mwaka huo mama mkwe ndiye aliyenisuka kwa mkono wake, kichwa kilipopona.

Basi mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Osha kichwa, usikigandishe mafuta, na usifunge ushungi kwenye nywele mbichi. Mwarobaini ni wa kusuuzia, si wa kunywa. Usijaribu dawa nne kwa wiki moja, hutajua iliyokuponya wala iliyokuunguza. Kitana chako ni chako. Na ukiona mabaka ya mviringo, usaha, au nywele zinang'oka, hapo usiniulize mimi wala hiyo simu. Nenda zahanati, useme wazi panapouma.

Sasa nenda kaoshe hicho kitunguu, umenichosha. Mungu akuponye kichwa, akupe na mkwe kama yule wangu. Amina.