Maua Aliyochemshiwa Baba

Baba alianza kukojoa damu msimu wa kuvuna mpunga, na kwa wiki kadhaa hakumwambia mtu. Utotoni, kule mabondeni Kilambo, yeye na wenzake wote waliwahi kukojoa damu kwa kichocho, wakaona ndiko kukua. Aliponiambia, alisema kama mtu anayetaja mafua: "Kichocho changu kimerudi."

Hakikuwa kichocho. Hospitali ya Mtwara ilituandikia rufaa ya Dar es Salaam, na huko kamera iliyopitishwa kwenye njia ya mkojo ikaonyesha uvimbe ndani ya kibofu. Saratani. Daktari alisema kichocho cha miaka mingi huenda ndicho kilichoandaa njia. Tukapangiwa siku ya upasuaji, tukarudi nyumbani Ufukoni, Mtwara, kusubiri.

Mama yangu alikwisha fariki, kwa hiyo shangazi, dada yake baba, akahamia kwetu kumuuguza. Shangazi anajua mizizi na majani. Alifundishwa na bibi yao, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mtoto mgongoni. Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari, na nakiri kwamba nilipenda kumwonyesha kuwa na mimi najua.

"Unaona yale maua ya rangi ya waridi yanayoota mchangani nyuma ya choo?" nilimwambia siku moja tukimenya mihogo. "Wataalamu wametoa humo dawa ya saratani."

"Haya haya tunayoyakanyaga?"

"Haya haya, shangazi."

Akaendelea kumenya. Nilifurahi jinsi alivyonisikiliza. Darasani kwangu sisikilizwi hivyo.

Baada ya siku chache baba akaanza kutapika. Midomo ikamtoka vidonda, akalalamika vidole vinakufa ganzi, hata kifungo cha shati hakishiki. Nilidhani ni ugonjwa unasonga mbele, nikawa nalia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa. Tulipofika Dar kwa upasuaji, walimpima damu kwanza. Chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka mno, na daktari akakataa kumpasua.

"Mzee anakunywa kitu gani kingine nyumbani?" akauliza.

Baba akamtazama dada yake. Shangazi akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa chupa ya lita moja, imejaa maji ya rangi ya chai.

"Ni maua," akasema. "Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema ni dawa."

Nilitamani sakafu ipasuke. Daktari, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, hakutukaripia. Alifungua chupa, akainusa, akaifunga.

"Mama, ua hujakosea," akamwambia shangazi. "Mojawapo ya dawa tunazowatundikia wagonjwa wa kibofu ilitolewa humu kweli."

"Sasa kama dawa imo, mbona imemdhuru?"

"Imemdhuru kwa sababu imo. Nayo imo pamoja na vitu vingine, na wewe kwenye sufuria huwezi kujua imetoka kiasi gani. Sisi tunaipima kwa mwili wa mgonjwa, na kabla ya kila dozi tunaangalia damu yake. Halafu mzee kwa hatua aliyofikia hata haihitaji. Anahitaji kutolewa uvimbe tu."

Shangazi akataja mizizi yake mingine, mmoja mmoja. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema mimea mingi inajaribiwa, na mingi huua chembe za saratani ndani ya kichupa cha maabara, lakini kutoka kwenye kichupa hadi kwenye kibofu cha mtu ni safari ndefu, na mingi huishia njiani.

Nje, kwenye benchi, nilimwomba shangazi msamaha.

"Ungeniambia kwamba ni sumu pia," akasema.

"Sikufikiria."

"Mwalimu, hukufikiria?"

Hakuniongelesha siku mbili. Alimpikia baba uji, akamfungia vifungo vya shati, na mimi alinipitia kama kiti.

Tulikaa kwa ndugu Mbagala karibu wiki tatu hadi chembe nyeupe zikapanda. Upasuaji ukafanyika kupitia njia ya mkojo, bila kisu cha nje. Uvimbe ulikuwa haujaingia kwenye misuli. Tangu hapo baba hurudi kuchunguzwa kila baada ya miezi michache. Mara moja walikuta uvimbe mwingine mdogo, wakautoa. Ganzi ya vidole ilichelewa kuisha, lakini iliisha, na sasa analima mihogo yake kwenye shamba lake la Ziwani na kukasirika tukimwambia apumzike.

Shangazi alirudi Kilambo. Mwezi uliopita alinipigia simu. Jirani yake anaumwa kiuno, na yeye shangazi ana majani anayoyafahamu toka zamani. Akanieleza yalivyo na kuniuliza kama wataalamu wanayajua yana nini ndani.

"Sijui, shangazi," nikamjibu. "Kwa kweli sijui."

"Haya. Basi nitamwambia aende zahanati kwanza," akasema, akaanza kunipa habari za mvua.