Siku Shangazi Alipomwambia Daktari Asimame

Nyumbani shangazi yangu alikuwa na mdomo, hilo halina ubishi. Angeweza kukusuta tangu unapovua viatu hadi unapomaliza chai, na kosa lenyewe la juzi. Lakini kazini, kwenye chumba cha upasuaji wa masikio, pua na koo, wenzake walimwita Bubu. Niliposikia jina hilo mara ya kwanza nilicheka hadi nikapaliwa.

Kumbe ndiyo ilikuwa sifa yake. Kwa miaka ishirini na miwili alimhudumia daktari mmoja. Daktari alinyoosha kiganja bila kugeuka, na shangazi akaweka kinachotakiwa: mkasi, koleo, uzi. Hakuulizwa, hakujibu, alimsoma mabega.

"Daktari akiomba kitu kwa mdomo," aliniambia, "ujue muuguzi amechelewa."

Kisha ikaja roboti. Mikono yake mitatu myembamba iliingia kinywani mwa mgonjwa, na daktari aliiendesha akiwa amekaa hatua nne mbali, kichwa amekizamisha kwenye mashine kama mtu anayechungulia kisima. Walifanya mazoezi miezi miwili kwa kichwa cha plastiki. Siku ya kwanza daktari alinyoosha kiganja kwa mazoea, akingoja mkasi, na shangazi yuko kule penye kitanda cha upasuaji. Kiganja kikabaki hewani. Wote walicheka, isipokuwa wao wawili.

Jioni ile hakumsuta mtu.

"Nimebaki wa kushika mpira wa kufyonza mate," alisema. "Nitaomba uhamisho."

Baba, kaka yake, akajaribu kumtania: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Shangazi alimtazama hadi baba akakumbuka ana kazi nje. Mimi nilimhurumia sana, maana ile kazi ndiyo aliyoipenda kuliko sisi sote.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye uvimbe kwenye shina la ulimi. Kwa njia ya zamani wangempasua taya ili waufikie. Sasa wangepitia kinywani tu. Kabla hajalala usingizi wa dawa alimuuliza shangazi, "Sista, nitafundisha tena?" Shangazi akamshika mkono, basi.

Nusu saa baadaye, mkono mmoja wa roboti uligeuka ukaulalia mdomo wa chini wa mwalimu, ukaubana kwenye meno. Daktari hakuuona, picha yake ilikuwa ya koo peke yake. Wengine walikodolea macho skrini. Shangazi aliuona mdomo ukiwa mweupe, akamtazama daktari mabega kama siku zote, akingoja ashtuke. Hakushtuka. Zilipita sekunde tatu, labda nne, na hajazisamehe hadi leo.

"Simama!" akapiga kelele. "Daktari, simama, unamuumiza!"

Mikono ikaganda. Mdomo ulikuwa umechanika kidogo, jino moja limelegea. Wakaurekebisha ule mkono, wakaendelea, na uvimbe ukatoka wote.

Baadaye, kwenye masinki ya kunawia, shangazi alianza kuomba radhi kwa kelele zake. Daktari akafunga maji.

"Sista, kwenye ile mashine mikono yangu haisikii kitu. Nikigusa nyama, nikigusa jino, kwangu ni mamoja. Miezi miwili yote nimeogopa. Nilijipa moyo kwamba wewe uko pale, na ukinyamaza, basi mambo ni shwari."

"Mimi nilijua hunihitaji tena."

"Nani kakwambia?"

"Hukusema kitu, daktari."

Daktari akaketi kwenye benchi la kubadilishia viatu, mtu mzima wa miaka sitini, akaufunika uso kwa mikono ambayo mji mzima uliisifu. Shangazi akaketi kando yake. Akaanza kumweleza, kimoja baada ya kingine, kila alichokiona siku ile akiwa amesimama penye kitanda cha mwalimu.