Konokono Aliyekataa Kudumaa

Pale maabara walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Kazi yake ilikuwa kupasua konokono vichwani, na kama unacheka, cheka umalize. Mawifi zake walicheka miaka nenda rudi na hakuna aliyepasuka mbavu. Konokono alilazwa juu ya barafu mpaka akalegea, Shangazi akamfungua kisogo chini ya hadubini, akaingiza kibano chenye ncha kama ya sindano, akachomoa seli za neva ambazo wewe na mimi tungezipangusa tukidhani vumbi.

Sasa elewa jambo moja. Konokono hana ubongo wa kujivunia, ana mafundo ya neva tu. Kwenye fundo moja limekaa kundi la seli linalomwaga homoni ya kuuambia mwili: kua. Jirani yake, pua na mdomo, kuna kinundu ambacho Prof, mkuu wa maabara, alikiita breki: hicho huuambia mwili basi, umetosha, sasa taga mayai. Ukitoa lile kundi, konokono anadumaa. Ukitoa breki, inasemekana atavimba kama mkuu wa idara na mayai hatagi ng'o. Inasemekana, kwa sababu kila aliyejaribu kuitoa pale maabara alimwua mgonjwa mezani. Kwa hiyo Prof aliwaahidi wafadhili konokono waliodumaa, na kudumaza ndiyo ilikuwa kazi ya Shangazi.

Tatizo ni kwamba mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka.

Nyumbani aliyejua ni mumewe, dereva mstaafu asiyeweza kufunga mdomo hata akiwa na njaa.

"Mama watoto, hiyo chai unakunywa au unanyweshea kitambaa cha meza?"

"Nyamaza."

"Mwambie bosi wako."

"Ili anishushe chini nikaoshe chupa? Yule mzee wa chupa aliingia pale fundi kama mimi. Leo hata jina lake hawalijui."

Mume akamshikia kikombe, jambo ambalo lilimtisha zaidi.

Akawa anavizia. Mkono ukitulia, anapasua. Ukianza vituko vyake, anajifanya anafuta lenzi. Ikaenda hivyo mpaka asubuhi moja kibano kiliporuka kikiwa ndani ya kichwa cha konokono. Kiliruka kidogo tu, lakini kilitoboa kitu laini mfano wa ganda la haragwe lililochemka. Alichokitoa kilikuwa kimeshazama kwenye ute, hakitambuliki. Shangazi akajiambia ndilo lile kundi la seli. Akamtia konokono doa la rangi ya kucha ya bluu kwenye ganda, akamrudisha kwenye boksi.

Wenzake walidumaa kwa adabu. Wa Bluu akala. Alimaliza kabichi, akamaliza chokaa, akahamia kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Kila Shangazi alipofunua kifuniko, ganda lilikuwa limeongeza ukingo mpya. Watu wengine makosa yao wanayafukia na maisha yanaendelea. La kwake lilikuwa na pembe nne, linamkodolea macho na linanenepa.

Siku moja akamtia mfukoni mwa koti jeupe, akaelekea bustanini kumwachilia. Mlangoni akakutana na Miwani, fundi mwenzake, kijana mrefu kama mlingoti.

"Shangazi, mfuko wako unatoa povu."

"Sabuni hiyo."

"Sabuni inachungulia?"

Shangazi akageuka, akamrudisha mfungwa kwenye boksi lake. Miwani akampa kitambaa cha kufutia mfuko, na hilo nalo likamkosesha usingizi.

Halafu Prof akafunua kifuniko mwenyewe.

"Huyu kafanywa na nani?"

"Na mimi."

"Shangazi!" Prof alimnyanyua konokono kama kombe la ushindi. "Hii ni breki! Umetoa breki na mgonjwa yuko hai! Alhamisi wafadhili wanakuja. Utaifanya mbele yao, vilevile ulivyofanya."

Vilevile. Mama wa watu anaombwa arudie ajali yake, kwa ufasaha, mbele ya watu waliovaa tai.

Alhamisi chumba kilijaa manukato. Hadubini iliunganishwa na skrini kubwa ukutani, Shangazi akakaa, akabana kiwiko mezani, akafungua kisogo. Hapo alikuwa salama. Kisha akaingiza kibano, na pale ukutani ncha yake ikaonekana kubwa kama jembe, inacheza.

"Ni kawaida kuchezacheza hivyo?" mgeni mmoja aliuliza.

"Ndiyo mtindo wake," Prof akacheka.

Jembe likakaribia fundo. Likarudi. Likakaribia tena. Jasho likamwingia Shangazi jichoni, na hakuwa na mkono wa kulifutia. Akikosea, konokono amekufa. Akipatia, watataka wa pili, na wa tatu.

Akakitoa kibano, akakiweka chini.

"Prof, sikukusudia siku ile. Mkono ulinitoroka." Akauinua juu, wauone wote. Ulitetemeka bila haya.

Kicheko cha Prof kilibaki usoni kimekosa pa kwenda. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua zilizopita."

"Na wale waliodumaa?"

"Hao nilisubiri mkono utulie. Wako sawa. Ni huyu mmoja tu."

"Nitakuaminije?"

Kwenye barafu konokono alisogeza pembe moja. Usingizi ulikuwa unamwisha.

"Unakumbuka ulipogusa?" Prof aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Vidole vinakumbuka."

Prof alitazama wageni, akatazama skrini, akamkwepa Shangazi macho. "Miwani, kaa wewe. Shangazi, msimamie. Mengine tutaongea kesho."

Yeye na Shangazi wote walijua mengine ni yapi: chupa.

"Shangazi, hapo mimi sijawahi kufika," Miwani alinong'ona.

"Kaa, mwanangu, anaamka."

Alikaa, magoti yakagonga meza. Shangazi akainama, akabonyeza kishikio chini ya kiti kwa mkono wa kushoto, na kiti kikazama kwa mlio mrefu wa hewa, mpaka kimo ambacho yeye akikikalia hangeweza tena kuifikia hadubini.

"Haya. Nenda kushoto kwa fundo," alisema. "Ukisikia ganda la haragwe, usipumue."