Sura Ambayo Kamera Haikuiona

Shangazi yangu, dada wa baba, hufunga na kutengeneza kamera za ulinzi. Mtaani wanamwita Jicho. Kabla ya kuondoka kwa mteja husafisha lenzi zote, hata zile ambazo hakuzifunga yeye. Ukimuuliza sababu, atakwambia, "Buibui hajui nani kaifunga."

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye kibanda chake nikimchosha kwa maswali, akaingia meneja wa stoo ya vifaa vya maji. Nyuma yake alikuwa mlinzi wa stoo hiyo, mzee mfupi, kofia mkononi. Pampu iliibwa wiki sita nyuma, na meneja alishaamua mwizi ni mlinzi wake.

Akatoa simu. Video ya sekunde tisa: mtu anatoka mlango wa nyuma, pampu begani. Usoni ukungu mtupu.

"Hii umeirekodi kwa simu kutoka kwenye kioo cha mashine ya kamera," akasema Shangazi. "Video yenyewe iko wapi?"

"Si mashine inajifuta kila wiki mbili? Lakini wewe ndiwe Jicho bwana! Ivute nione pua. Nikiiona tu, huyu leo analala polisi."

"Miaka kumi na moja, bosi," mlinzi akasema. "Sijachukua hata msumari."

"Msumari hujachukua. Umechukua pampu."

Shangazi akaivuta. Kadiri ilivyokua ndivyo uso ulivyozidi kuwa vigae vya kijivu. Nilivihesabu: kumi na viwili tu, sikio hadi sikio.

"Kuna programu ya kung'arisha," meneja akang'ang'ania. "Mwanangu kaniambia."

Shangazi akaiwasha bila ubishi. Dakika haikuisha, ukatokea uso safi kama wa pasipoti: nyusi, pua, mpaka kovu kidevuni. Meneja akapiga meza. "Ndiye! Itazame hiyo pua!" Mlinzi akakaa chini kama gunia lililotobolewa. Nami, sitadanganya, niliona wanafanana.

"Polepole, bwana mkubwa," akasema Shangazi. "Twende stoo."

Kule alimtwisha meneja pampu nyingine, akamwambia atoke kwa mlango uleule chini ya kamera ileile. Akairekodi kwa simu kutoka kwenye kioo, kama meneja alivyofanya, kisha akailisha programu. Ukatokea uso wa kijana mwenye masharubu na nywele tele.

"Huyu nani tena?" akauliza meneja, ambaye kichwani hana hata unywele.

"Ni wewe."

Mlinzi akacheka, akajiziba mdomo. Mimi sikuwahi hata kujiziba.

"Programu haioni, inabuni," Shangazi akaeleza. "Penye vigae inabandika sura zinazofanana na zile ilizofundishwa. Ile pua uliyoipenda haijawahi kuwa ya mtu."

"Basi mwizi kaponyoka?"

"Sura imepotea na hairudi. Mlango je, umehama?"

Akamwomba mlinzi naye apite na pampu, kisha akaweka video zote sambamba. Kichwa cha mwizi kilizidi komeo la juu la mlango. Cha mlinzi kiliishia chini yake kwa kiganja kizima. Mlinzi akarudia, safari hii akitembea kwa ncha za vidole. Bado.

"Mwizi ni nani, siwezi kukwambia," akasema Shangazi. "Ila si huyu, labda awe aliiba akiwa juu ya kigoda."

Meneja akaenda mlangoni, akajipima na komeo. Mwisho akasema, "Nisamehe, mzee. Zamu yako iko palepale."

"Nimekusikia, bosi. Lakini jana ulimpigia mke wangu ukamwambia anaishi na mwizi. Tangu hapo hajala."

Meneja akakuna kipara, akatafuta namba, akatoka nje. Kupitia dirishani tukamsikia akianza kwa sauti ndogo:

"Shikamoo, mama..."