Mlio wa Upande wa Kulia

Pikapu yangu ilianza kugonga miezi ile tuliyokuwa tumeanza kuizoea amani, ingawa hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti kubwa. Ko-ko, ko-ko, kila gurudumu la mbele lilipoingia shimoni, na Bunia wakati ule mashimo hayakuwa haba. Nikipinda usukani gari likiwa limesimama, kulitoka kilio kingine, krii, kama cha mlango wa ghala. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Naweza kuvumilia mvua, kizuizi cha barabarani, hata mahubiri marefu. Lakini gari linalolia bila kusema linaumwa wapi hunikosesha usingizi.

Tena safari hii kulikuwa na jambo. Mama mkwe wangu, aliyekimbia Bule wakati wa vita akaja kuishi nasi, alitaka kurudi kwake. Njia ilikuwa wazi, majirani zake walikuwa wamesharudi, na mvua za kupanda maharagwe zilikaribia. Msimu huu ukimpita, nani angemhakikishia kwamba njia itakuwa wazi msimu ujao? Nikampelekea neno: sitampandisha mzazi wa watu milima ya Djugu hadi Bule kwa gari linalogonga. Litengenezwe kwanza.

Neno hilo lilipita kwa mke wangu, kwa sababu kwetu mkwe ni mkwe. Sikukaa naye mkeka mmoja, sikula mbele yake, na kila tulichotaka kuambiana kilibebwa na binti yake, hata tukiwa katika ua mmoja tunasikiana vizuri kabisa. Garini vilevile: mimi na mke wangu mbele, yeye nyuma, juu ya gunia lililojazwa majani, mwavuli mkononi, akiutazama mji kama askofu aliyekuja kuubariki.

Fundi wangu alikuwa mtu mpole mwenye tumbo, na gereji yake ilikuwa ua wenye lango la mabati. Nilimwambia mlio uko kushoto, upande wa usukani, chini ya miguu yangu. Akaweka kriki, yaani jeki, chini ya shasi ya gari, akainua, akashika gurudumu la kushoto juu na chini akalitikisa, kisha ubavu kwa ubavu. Halikucheza. Akatia grisi, akabadilisha amortisere, zile shokomzoba. Nilitoka pale naimba, na kabla sijafika sokoni, ko-ko. Nikarudi nikiwa nimevimba.

“Patron, hii gari iko na shetani,” akasema.

“Kama ni shetani, tafuta kwenye anakaa.”

Jumapili moja, tukitoka kanisani, gari liliingia shimoni likagonga, na papo hapo, juu ya kichwa cha mke wangu, bati la kabini likagongwa: ngo! Shimo jingine, ko-ko, na mwavuli wa mama mkwe: ngo! Nikasimamisha gari. Nyuma, mwavuli nao ukatulia kwa heshima. Nikaondoka tena polepole, safari hii nikiyatafuta mashimo kwa makusudi. Kila mlio ulijibiwa na mwavuli, na kila mara upande wa kulia. Mke wangu alikuwa akinimenyea karanga, hakuinua macho.

Kesho yake fundi aliweka kriki upande wa kulia, na si chini ya shasi bali chini ya mkono wenyewe unaobeba gurudumu, ili uzito uliachie gurudumu nafasi ya kucheza. Akaingiza mtaimbo chini ya mpira, akanyanyua. Gurudumu likaruka. Rotule ya chini, ile nyonga ya chuma inayoliunganisha gurudumu na mkono wake, ilikuwa imelika vibaya. Sauti yake ilipita chumani hadi kwenye usukani, ikanidanganya kwamba iko kwangu.

“Ona, patron. Ilibakia kidogo itoke. Mupira ingelala chini.”

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba mama yake alijua.

“Aliniambia juma lililopita,” akasema. “Alisema, ambia bwana yako, gari iko nalia kuume.”

“Na weye ukanyamaza?”

“Ukitengeneza, ataenda.”

Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu alikuwa ananimenyea karanga. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Gurudumu lingeweza kulala na sisi sote ndani. Lakini alikuwa analia. “Nilizani ni kelele tu,” akasema. Tangu tupate mgeni huyo, hakuwahi kulala kabla ya kusikia mama yake amefunga mlango wa chumba chake. Nilimwonea huruma, hasira ikashuka yenyewe.

Siku ya safari mke wangu hakuketi mbele. Alipanda nyuma juu ya magunia ya mbegu, ubavuni mwa mama yake. Niliendesha peke yangu, gari likiwa kimya hata kwenye miteremko, nikawasikia wanacheka kitu ambacho sikukijua. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kama mtu aliyeng'olewa jino bovu.

Tulipofika Bule, mama mkwe hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda shambani, akachota udongo, akauponda mkononi, akarudi ameridhika. Maziwa ya kunikaribisha, kutoka kwa majirani, yaliletwa nyuma ya nyumba, ili niyanywe bila kuonekana. Yalikuwa matamu, nikaomba mengine, na hayo pia yakapitia kwa mke wangu.

Wakati wa kurudi mke wangu alikaa mbele. Tulikuwa tumeshavuka kilima cha kwanza ndipo akasema, “Mama amenituma kwako.”

“Sema.”

“Alisema, ambia bwana yako, masasi ya vita ikilia tena, asikuje kunitafuta. Nitakimbia na wenzangu. Asikuje.”

Alilisema neno lote, hakupunguza kitu, kisha akageukia dirisha. Kesho yake asubuhi nililirudisha gari gereji, nikamwambia fundi abadilishe pia rotule ya kushoto.

Akaitikisa. “Hii iko nguvu, patron. Unaenda wapi tena?”

“Bule.”

“Siku gani?”

“Sijui,” nikamwambia. “Badilisha tu.”